Meza inayoelea

Kila setilaiti ikirushwa sote tunapost roketi inavyotema moto, na mi simo nje ya hao, Aprili 2023 Taifa-1 ya Kenya ilipopaa kutoka California nilikuwa nimekodolea simu kama wengine. Ila swali langu huwa lilelile, hii kitu ikishafika juu inageukaje? Manake kule hakuna cha kukanyaga wala cha kushika. Ndani yake kuna vigurudumu, kimoja kikizungushwa kushoto mwili mzima unajigeuza kulia, basi, huo ndo usukani.

Kuujaribu huku chini ni kasheshe sababu kila kitu kina msuguano. Kwahiyo maabara wanafunga nusu tufe chini ya meza, likae kwenye bakuli lake, kompresa inapuliza hewa katikati, utando mwembamba kuliko unywele, na meza yote na vifaa vyake inaelea. Pembeni fremu ya koili inaigiza sumaku ya huko juu, taa kali ndo jua. Alafu mateso yanaanza, kusawazisha. Unakaza skrubu ya kizito robo mzunguko, unaachia, meza inalala upande, unalegeza kidogo, inalala upande wa pili. Waya mmoja tu ukining'inia umeharibu, ndo maana vifaa vinakula betri na data inapita hewani, na upepo wa AC nao ni adui.

Kwenye leza ya kushusha data duniani ndo usiseme. Setilaiti ikiwa kilomita 500 juu ikikosea digrii 1, mwale unatua karibu kilomita 9 pembeni ya ulipotakiwa. TBIRD, mtambo wa leza wa NASA uliorushwa 2022 ndani ya kijisetilaiti cha boksi, ulikuja kushusha gigabiti 200 kwa sekunde, na leza yake haikuwa na shingo ya kugeuka, kiboksi kizima ndo kilikuwa kinajielekeza!

Kuna wanaosema majaribio yanaisha roketi ikiondoka. Mi nakataa kabisa, na ushahidi wangu ni Hitomi ya Wajapani, darubini ya eksirei iliyorushwa 17 Februari 2016. Tarehe 26 Machi ilidanganyika kwamba inazunguka wakati imetulia, ikaanza kupambana na mzunguko ambao haupo mpaka ikazunguka kweli, ikakimbilia vijiinjini vya dharura, na hapo ndo ikamalizika kabisa, maana namba za kuviongoza zilitumwa kutoka chini baada ya kurushwa, zilikosewa na hazikuhakikiwa vizuri. Badala ya kuizuia vikaizungusha zaidi hadi mabawa ya sola yakakatika. Ndani ya wiki sita tu jamani.

Kwahiyo vyuo vyetu vinavyotengeneza vijisetilaiti vya boksi, mi ningewaambia wanunue kila kifaa viwiliviwili, kimoja kipae, pacha wake abaki mezani, na namba yoyote mpya ipite kwanza kwa huyo pacha hata kama bosi anapiga simu kila dakika tano.