Holsta ikikubana usiilegeze, itengeneze

Mwaka juzi nilienda msibani Machame, nimekaa kwenye kiti cha plastiki toka saa nne asubuhi, bastola iko kiunoni upande wa kulia ndani ya suruali, na holsta, yaani ala ya kubebea bastola mwilini, mpya kabisa nimeletewa na ndugu yangu toka Marekani, na ile kitu ikawa inanichoma ubavuni kila nikiinama kusalimia wazee. Nikawa naipandisha, naishusha, naisogeza nyuma kidogo, dakika tano narudia tena. Baadae mzee mmoja akanivuta pembeni taratibu akaniambia, "Mwanangu, toka umefika unashikashika hapo kiunoni, watu tumeshajua una nini." Iliniuma sana. Yaani unavaa kwa kuficha ili mtu asijue, alafu mkono wako mwenyewe ndo unatangaza.

Toka siku ile nimekuwa na msimamo mmoja na sijaubadilisha, kwamba holsta isiyokaa vizuri mwilini ni hatari kuliko kutokuwa na holsta nzuri ya bei. Kwa sababu angalia watu wanafanya nini ikiwabana. Wanalegeza mkanda, wanalegeza skrubu, wengine wanaitoa kabisa wanaiweka kwenye dashibodi ya gari au chini ya siti wakiwa njiani Moshi, au kwenye droo ya dukani, na huko ndo inakoibiwa, huko ndo mtoto anakoikuta. Mtu hafanyi hivyo kwa ujinga, ni maumivu tu yamemchosha. Kwahiyo mi nikisikia mtu anasema eti kustarehe sio muhimu, vumilia tu, naona hajawahi kuvaa siku nzima.

Sasa kabla ya yote, na hapa naomba mnisikilize jamani. Silaha ni yako wewe uliyepewa leseni chini ya ile sheria ya silaha na risasi ya 2015, sio ya fundi viatu atakayekurekebishia holsta. Usiipeleke bastola kwenye kibanda cha fundi hata kama ni rafiki yako. Mi nilienda kwa seremala nikamchorea umbo kwenye karatasi na vipimo vyote nilivyopima mwenyewe nyumbani, magazini (kile kikasha cha risasi) nimetoa, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, nimeangalia kwa macho na kwa kidole, risasi nimeziacha chumba kingine, akanichongea bastola ya mti wa mninga. Hiyo ndo nikaipeleka kwa fundi pamoja na holsta. Amefanya kazi zote kwa lile gogo.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kidogo mno lakini ndo kilichobadilisha kila kitu. Alikata kipande cha soli ya kandambili, kile kisponji, akakichonga kiwe kinene chini na chembamba juu, akakigandisha kwa gundi ya viatu upande wa holsta unaogusa mwili, kule chini mdomo wa bastola unapoishia. Ukikifikiria ni kama kabari. Kule chini kunasukumwa nje kidogo, kwahiyo kule juu kwenye mpini kunaegemea ndani, na mpini ndo unaotuna kwenye shati siku zote. Hapo hapo ile kona ngumu iliyokuwa inanichoma kwenye nyonga haigusi tena, inayogusa ni sponji. Alafu kingo zote akazipiga msasa mpaka zikawa mviringo. Watu wananunua holsta nyingine tatu nne wakati shida ni kingo tu.

Kwenye mshiko ndo tulikaa muda mrefu. Ukiingiza mkono kuchukua bastola, kiganja kinatakiwa kiushike mpini wote ikiwa bado iko ndani, kidole cha kati kikae moja kwa moja chini ya ule mduara unaozunguka triga, kidole cha shahada kikiwa kimenyooka nje ya holsta. Yangu ilikuwa imekaa chini sana, nashika kwa vidole viwili, alafu naanza kurekebisha ikishatoka, na hiyo ni mbaya mno. Tukaipandisha kwa kuhamisha tundu la klipu ya mkanda, alafu lile pazia la ngozi linalopanda juu kati ya bastola na ubavu tukalipunguza kwa kisu pale kidole gumba kinapopita tu. Hatukulikata lote. Lile pazia linazuia jasho lisiile chuma na chuma lisiile ngozi yako, na huku kwetu hiyo sio habari ndogo. Arusha mwezi wa saba unavaa koti na hutoki jasho, lakini shuka Moshi mwezi wa pili uone, mita kama mia tano hivi chini zaidi, jioni ukivua unakuta upande wa mwilini umelowa. Nikirudi kutoka Moshi naifuta na kuipaka mafuta siku hiyo hiyo.

Fundi alitaka pia kupunguza ngozi pale kwenye triga, anasema itakuwa nyepesi. Nilikataa. Pale hapakatwi hata milimita. Na kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui, ngozi ikizeeka ikalainika, mdomo wa holsta unajifunga bastola ikitoka, alafu ukirudisha bila kuangalia ule mkunjo unaingia ndani ya mduara na kubonyeza triga badala ya kidole. Inafyatuka hapo hapo pajani. Ndo maana tulimwambia aongeze ngozi ya pili kwenye mdomo na aweke utepe wa bati katikati, akashona kwa msharasi na uzi wa nailoni. Sasa inabaki wazi hata ikiwa tupu. Kama yako ni ya ngozi laini kama soksi usiifanyie marekebisho yoyote, itupe.

Kuna za plastiki ngumu, ile Kydex, hizo hazisinyai, na ukizipasha moto zinalainika unaweza kuikunja kona inayokuchoma. Ila moto mwingi inaharibika umbo haitashika tena vizuri, na usiipashe bastola ikiwa ndani.

Mpini wenyewe nilijaribu msasa wa kubandika, ulishika vizuri lakini ulinitoboa mashati mawili na ngozi ya tumbo ikawa nyekundu. Nikahamia kwenye tyubu ya baiskeli, unakata pete unavuta unavalisha kwenye mpini, mkono wenye jasho hautelezi kabisa. Shida yake inang'ang'ania shati, ukisimama shati linabaki limepanda. Sasa hivi nimeacha pete moja nyembamba katikati tu, isifike kwenye kitufe cha kutolea magazini, na ndani navaa singlendi.

Na mkanda! Mkanda wa mtumba uliochoka hauwezi kubeba hii kazi, utafanya yote haya na bado itaning'inia. Nunua mkanda mnene wa ngozi tabaka mbili, na suruali ongeza namba moja, mi navaa 36 badala ya 34.

Ukishamaliza usitoke nayo. Mi nilivaa wiki nzima nyumbani na lile gogo la mninga, nakaa, nainama, nafunga kamba za viatu, nabeba ndoo, napanda na kushuka kwenye gari. Siku ya tatu nikaona sponji imehamia pembeni kidogo, nikarudi kwa fundi akaibandua akaishonea badala ya gundi. Kilichobaki ni mkanda wa gari, ule wa usalama, bado unaikandamiza upande wa kulia nikiendesha kwenda Moshi, na Jumamosi tunajaribu kusogeza klipu nyuma nusu inchi.