Wamaragoli wa Kigumba wapewe vitambulisho vyao

Juzi redioni msikilizaji mmoja alipiga simu akasema Wamaragoli wa Kigumba, hapa Uganda, warudi kwao Kenya. Mtangazaji akacheka, akaweka wimbo. Mpaka leo hasira haijanitoka.

Warudi wapi? Watu hawa waliingia Bunyoro, magharibi mwa nchi, miaka ya 1950, kabla bendera yetu haijapandishwa. Wamezika wazazi wao huko huko, wilayani Kiryandongo. Lakini Katiba ya 1995 inatambua makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, na orodha yake, hata ilipoongezwa mwaka 2005, haikuwataja. Kwa hiyo hawahesabiwi raia kwa kuzaliwa, na bila uraia hakuna kitambulisho.

Wanaopinga Katiba irekebishwe ili iwataje husema mlango wa kusajiliwa uraia upo. Upo, ndiyo. Someni basi ibara ya 12: aliyezaliwa Uganda awe ameishi hapa mfululizo tangu 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru. Mzee wa miaka 70 atapita. Mjukuu wake aliyezaliwa 2004 atapitaje? Amebaki kuomba kama mgeni, aeleze aliingia nchini lini, na yeye hakuingia, alizaliwa Kigumba! Hilo ndilo linaloniuma. Tunamwadhibu mtoto kwa safari ya babu yake.

Binti mmoja ninayemfahamu anatumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la jirani. Pesa za mahindi zikiingia, lazima jirani aache kazi zake amsindikize kwa wakala, maana wakala anataka kitambulisho. Siku jirani akiwa shambani, pesa zinakaa na watoto wanasubiri. Mkopo wa PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, haombi kabisa. Bibi yake amepita miaka 80, na ile shilingi elfu ishirini na tano ya serikali kwa wazee kila mwezi anaisikia kwa wenzake tu.

Kenya hiyo wanayoambiwa warudi iliwatambua Wamakonde kuwa raia baada ya kutoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016, na Washona, wenye asili ya Zimbabwe, wakafuata.

Najua hofu ya Wanyoro kuhusu ardhi, na wana sababu, wamenyang'anywa mengi. Lakini kitambulisho si hati ya shamba. Migogoro ya ardhi ina mahakama zake.

Wabunge wa Bunyoro wapeleke mswada: kabila hili liingizwe kwenye orodha ya makabila ya Katiba, na yeyote aliyezaliwa hapa na mzazi aliyezaliwa hapa asajiliwe bila malipo. Atakayeusimamia mswada huo bungeni nitampigia kura, awe wa chama chochote.