Anayesema "gari ni gari" ateremshwe Sekenke

Jumanne nilikuwa njiapanda ya Usagara, nje kidogo ya Mwanza, nakula hindi la kuchoma, semi iliyobeba saruji ikazimika katikati ya barabara. Ndani kijana anahangaika na gia. Krrr. Anawasha tena, anajaribu tena. Krrrrr. Nyuma yake daladala zimejipanga zinapiga honi, na huku pembeni kila mwenye simu kainyanyua, anarekodi. Bodaboda mmoja akapaza sauti: "Shuka ukauze dagaa Mwaloni!" Watu hoi kwa kicheko.

Mimi hindi likanishinda. Mlio ule naujua, uliwahi kuwa wangu.

Naomba mnielewe, yule kijana anajua kuendesha. Shida ni kwamba lile lilikuwa Freightliner, Mmarekani mwenye boksi la gia kumi, na kwa mikono yake ilivyokuwa inakwenda ungejua tu kuwa huyu kakulia kwenye Fuso. Fuso inasamehe. Ndani ya boksi lake kuna pete zinazozipatanisha gia mwendo kabla hazijashikana. Wewe kanyaga klachi, sukuma, basi. Boksi la yule Mmarekani halina pete hizo. Waliotengeneza waliziacha makusudi, maana boksi lisilo nazo ni gumu, linabeba mzigo mzito miaka na miaka. Kazi ya pete akaachiwa dereva.

Kwa hiyo unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unasubiri. Injini iliyokuwa kwenye mizunguko 1,500 ishuke mpaka kama 1,100, ndipo ukanyage tena uingize. Ukiwahi, krrr. Ukichelewa, krrr. Kurudisha gia ni kinyume: ikiwa huru unaachia klachi, unapiga resi injini ipande, halafu ndiyo unaingiza. Na gari likiwa linatembea usiizamishe klachi mpaka sakafuni, kwa sababu kule chini kuna breki ya boksi, na hiyo ni ya kuwekea gia gari likiwa limesimama. Sasa mwambie mguu wa Fuso usizamishe! Bado kuna swichi kwenye mkono wa gia: ukifika ya tano unainyanyua, unarudisha mkono pale pale ilipokuwa ya kwanza, na safari hii hiyo ni ya sita. Ukisahau swichi, utajua mwenyewe.

Haya yote kijana anatakiwa ayajue lini? Atayajulia barabarani, na tani za saruji mgongoni. Ndivyo tulivyozoea.

Tajiri wangu wa wakati ule (simtaji, na ana wenzake wengi mjini hapa) alinitupia funguo, akaniambia: "Wewe si una leseni daraja E? Gari ni gari." Tajiri huyo huyo alinunua simu mpya akakaa wiki nzima anamsumbua binti yake amfundishe kuzima alamu. Simu apewe wiki. Lori niondoke nalo alfajiri.

Nami nikajibu, "Naiweza, bosi." Hapo lawama ni yangu, siikatai. Lakini getini walikuwa wamekaa madeiwaka kama sita, madereva wa kutwa wasio na gari, kila mmoja angejibu hivyo hivyo kabla sijamaliza kumeza mate. Ukisema "nipe siku mbili niizoee" maana yake umesema "mpe mwingine".

Kwenda Dar nikaupanda mlima Sekenke, kule Singida, kwa gia moja kama konokono, nikajiona fundi. Kurudi ndiyo nikaonyeshwa. Pale juu, kabla mteremko haujakolea, nikataka kurudisha gia. Ya saba ikatoka, ya sita ikakataa. Nikajaribu ya saba, nayo ikakataa. Gari liko huru, mzigo unasukuma, breki zinaanza kunuka. Utingo wangu hakupiga kelele, alifungua mlango akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Mpaka leo nikikumbuka ule mguu natokwa jasho. Lilisimama kwenye bega la barabara kwa sababu moja tu: nilikuwa naenda polepole kwa uoga. Ustadi hata chembe haukuwepo. Tukakaa pale mpaka moshi ukaisha, hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja dereva, kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Wanaovuka leo kwa daraja hawaijui foleni ile. Tangu lilipofunguliwa Juni 2025 ni kilomita tatu tu za lami juu ya ziwa na uko Busisi, na silalamiki, tuliliwa sana na mbu pale. Lakini lori lilikuwa linaweza kukaa saa nyingi, na mzee hakupenda kukaa bure. Alinipandisha kwenye gari lake, injini imezimwa, akaniambia nizime na redio. Akaniuliza: "Umewahi kuona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja? Mchi wako unaingia wa mwenzako ukiwa juu. Ukiwahi mnagongana." Akawa anapiga dashibodi kwa kiganja, tu, tu, tu, na mimi nabadili gia ambazo haziendi popote. Siku ya pili akatafuta uwanja, kichwa kitupu bila trela, nikarudia kwa injini inayowaka. Siku mbili tu! Mshale wa mizunguko niliacha kuutazama, sikio likawa linatosha.

Najua, matajiri mna marejesho ya benki na gari likilala halilipi. Sawa. Piga hesabu ya siku mbili za kichwa kitupu, kisha piga ya boksi jipya na klachi, halafu piga ya jeneza. Mtaniambia pia malori mapya yanabadili gia yenyewe. Hongereni, yaleteni basi. Na kwamba utingo anajifunza kwa kumtazama dereva? Anajifunza, kama dereva wake mwenyewe alifundishwa.

Pale Usagara nilidandia ngazi ya mlango. Kijana akanitazama kwa macho mekundu, "Shikamoo kaka." Nikamwambia azime redio. Nikamuuliza gari hili kapewa lini.

"Leo saa kumi na moja alfajiri."

Nikampigia mlango kwa kiganja, tu, tu, tu, nikashuka. Ya pili iliingia. Ya tatu ikaingia. Ya nne ikakwaruza, ikaingia. Ya tano sikuisikia, daladala zilikuwa zimeanza tena honi zao.