Kabla hujaagiza lori la pevingi, nisikilize

Kila nyumba mpya inayokamilika mtaani kwetu Goba, likishafungwa geti tu, linaingia lori la pevingi. Mapazia hayajatundikwa, uwanja umeshafunikwa wote. Nawaelewa watu. Tope la masika linachosha, na vumbi la kaskazi linaingia mpaka kabatini. Lakini tunajijengea tanuri la kuishi humo. Saa nane mchana pevingi haikanyagiki bila ndala, na mvua ikipiga, maji yote yanamshukia jirani wa bondeni kwa sababu hayana pa kuzama.

Mimi uwanja wangu nimeuachia mimea inayotambaa, na katika yote niliyopanda, moyo wangu uko kwa thaimu. Sisemi ile ya kichaka ya kutilia kwenye kuku. Nasema ile ya kutambaa, ambayo jina lake la kitaalamu ni Thymus serpyllum. Haiinuki sana, sentimita 10 ikizidi. Mashina yake membamba kama uzi yanalala chini, na kila kifundo kinachogusa udongo kinashusha mizizi. Majani ni madogo kama punje za mchele. Ikichanua inatoa vishada vya rangi ya waridi iliyokolea zambarau, na nyuki wanafika asubuhi kabla hujamaliza kufagia.

Miche yangu ya kwanza ilikufa yote. Niliipanda Aprili, nikaitia ndoo mbili za samadi, nikaimwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu ikaanza kuwa kahawia katikati. Nikavuta shina moja, likaja lote bila ubishi, mzizi mweusi, umelegea kama mlenda. Nilirudi kwenye kitalu nilikonunua nikamweleza kijana aliyeniuzia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, huu siyo mchicha. Kwao unaota kwenye mawe."

Na ndivyo ilivyo. Huu ni mmea wa Ulaya, wa nyanda kavu zenye mchanga na miteremko ya mawe. Sisi Dar tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikimwagika kati ya Machi na Mei, na hata mvua ikikatika hewa yetu haikauki. Ukiupanda kama unavyopanda ukoka, unaoza.

Mara ya pili nikasubiri Juni, kusi inavuma na usiku umepoa. Nikainua tuta la sentimita 30: mchanga wa mto sehemu mbili, udongo wetu mwekundu sehemu moja, na kokoto ndogo juu ili majani yasilalie unyevu. Samadi sikutia hata kiganja. Miche nikaiachanisha sentimita 25, mahali pa jua kutwa nzima. Maji nilitia pale tu nikichomeka kidole nikikuta pakavu.

Ila kazi iliyonitoa jasho ilikuwa ndago. Ukikata majani yake unajidanganya, maana chini kuna vijitunguu vyeusi vilivyoungana kama shanga, na kimoja ukikisahau baada ya siku kumi kinachomoza. Nilichimba kwa uma, nikauchekecha ule udongo kwa mikono siku nne nzima. Na bado hadi leo jani moja moja linapenya katikati ya thaimu. Hapo hupalilii kwa jembe. Unashikilia thaimu chini kwa mkono wa kushoto, unafuata shina la ndago kwa vidole taratibu mpaka kwenye kijitunguu chake. Ukilivuta kwa hasira, unang'oa na zulia lako.

Sisemi kila mtu apande thaimu. Kama kiwanja chako ni mfinyanzi unaotuamisha maji, au uko chini ya mwembe, achana nayo. Panda Arachis pintoi, ndugu yake karanga, yenye maua ya njano. Mvua inaivumilia na kukanyagwa pia. Ninachokipinga ni wedelia, ambayo watu wanaipanda kila mahali kwa sababu inafunika haraka. Imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Leo iko kwenye ua wako, kesho iko mtaroni, na huko hakuna wa kuing'oa.

Maua pia niyaseme kama yalivyo. Kwangu thaimu haichanui ikafunika uwanja wote kama kwenye picha za Uingereza. Inachanua kwa mabaka, Agosti na Septemba, kisha naipunguza kwa mkasi. Lakini jioni nikipita pekupeku kwenye ukingo wa tuta, ile harufu inayopanda baada ya jua la kutwa, pevingi gani itanipa hiyo?

Jirani yangu wa bondeni, yule anayepokea maji ya mtaa mzima, alikuja mwezi uliopita akasimama muda mrefu akiangalia. "Dada, na mimi nigawie kidogo." Fundi wa pevingi alikuwa ameshampimia uwanja, naye jirani akamwambia fundi asifunike ukanda wa mita moja kando ya ukuta. Nikamkatia vipandikizi 12, tukavichomeka kwenye vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini, vimejaa mchanga mtupu. Jana tulivigeuza kimoja kimoja kuangalia. Saba vimeshatoa mizizi.