Jumamosi ya Kupaka Rangi Haiokoi Nyumba

Kila tukisikia kwamba watu wa mtaa fulani wameamua kuinusuru nyumba kongwe, picha zinazofuata ni zile zile: fulana za rangi moja, brashi mikononi, na ukuta wa mbele unaong'aa. Mvua mbili baadaye rangi imetoa malengelenge, na lipu iliyo chini yake inadondoka vipande vya ukubwa wa sinia. Kwa nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Unguja, au ya Lamu, au ya Mji wa Kale wa Mombasa, bora ingeachwa kama ilivyokuwa. Sipingi watu kujitolea. Ninachopinga ni kuwapa kazi isiyowahitaji, ilhali ipo nyingine ambayo bila wao haifanyiki kabisa, nayo ni kazi ya chokaa.

Tuanze na ukuta wenyewe. Una unene wa nusu mita, pengine zaidi: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa, kisha ukapigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Ghorofa imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa. Hakuna humo kitu kinachozuia maji moja kwa moja. Ukuta hunywa unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa taratibu kwa kupitia lipu. Ndivyo ulivyokusudiwa uwe.

Kinachouua ni maji ya juu. Bati likitoboka, au gata ikiziba kwa majani, maji huingia kichwani mwa ukuta na kushuka ndani kwa ndani, yakiondoka na ule udongo. Mawe hubaki lakini kilichoyashika hakipo tena, na baada ya misimu kadhaa ukuta hutoa tumbo. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia kama ngoma. Wakati huo huo ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta uliolowa zinaoza, tena mahali pasipoonekana: katikati ya chumba boriti ni nzima kabisa, kumbe kitako chake kimebaki unga. Chukua bisibisi uichome pale inapoingia ukutani. Ikizama sentimita 2 bila kubisha, boriti hiyo haibebi kitu.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende juu ya paa. Bati jipya lipitane na mwenzake mawimbi 2 upande kwa upande, na sentimita 20 mwisho kwa mwisho. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, kamwe isipigwe bondeni. Mapaa mengi "mapya" yanayovuja yamepigwa misumari bondeni, ndiko maji yanakopita. Gata ipewe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2, na bomba la kushusha maji lisimwage kwenye miguu ya ukuta. Fedha ya bati ikikosekana, turubai lililokazwa kwa kamba na mifuko ya mchanga litavusha msimu mmoja. Usilikandamize kwa mawe, maana upepo wa kusi ukilipiga, mawe hulitoboa au humwangukia mpita njia.

Baada ya paa ni kifusi, na hapo ndipo nguvu ya watu wengi inapoonekana, ingawa pana hatari yake. Mita moja ya ujazo ya kifusi kilicholowa ni tani moja na nusu au zaidi. Watu hukikusanya katikati ya chumba cha ghorofani ili wakitoe kesho, na usiku sakafu inashuka nacho. Kitolewe kwa ndoo, kuanzia juu kwenda chini, kisilale juu ya boriti hata usiku mmoja. Wala kisitupwe chote. Mawe ya matumbawe yapangwe uani kwa ukubwa, na udongo uchekechwe kwa wavu, kwa sababu vyote vitarudi ukutani. Kama popo wameishi humo, kinyesi chao kinyunyiziwe maji kabla ya kuzolewa na kila mtu avae barakoa.

Miti iliyoota ukutani, hasa ile ya jamii ya mkuyu, huwatia watu hamu ya kuing'oa kwa kamba. Msiing'oe. Mzizi umeshazunguka mawe na pengine ndio unaoyashikilia, ukiuvuta unatoka na kipande cha ukuta. Kata shina, acha mzizi ufe, kisha fundi auondoe pamoja na jiwe lake, jiwe moja baada ya jingine, akijaza nyuma yake.

Nyufa nazo. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, lakini haisemi kwamba ufa uzibwe leo leo. Kwanza ujue kama bado unatembea. Bandika kipande chembamba cha kioo, urefu wa sentimita 10, kikatize ufa, ukishike kwa jasi pande zote mbili, na uandike tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikipasuka, ukuta unaendelea kwenda na kuziba ni kujidanganya. Kikibaki kizima baada ya masika na vuli, jaza kwa chokaa na vipande vya mawe.

Kuegemeza dari, kubadilisha boriti na kufungua ukuta uliotoa tumbo ni kazi ya fundi mwashi na seremala wanaolipwa. Hapa sina mjadala. Mikoko yenyewe inalindwa kisheria, kwa hiyo boriti mpya ni za kununua kwa kibali. Hubadilishwa moja moja, huku jirani zake zimekingwa kwa mirunda iliyokazwa kwa kabari, na ncha ilale ndani ya ukuta sentimita 15 hadi 20. Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe lililojengwa 1883 na lililokuwa na kila jicho juu yake, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu 2 wakafa. Asiye fundi asipande jukwaa, wala asisimame chini ya dari inayokingwa.

Sasa saruji. Ni rahisi, inapatikana kila duka la vifaa, inakauka haraka na inapendeza siku ya kwanza. Lakini ukuta wa matumbawe ukivishwa saruji, unyevu hauna pa kutokea. Unapanda juu zaidi kutafuta njia, unafika kwenye ncha za boriti, na chumvi inayosafiri nao inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Lipu ya saruji ikianguka haianguki peke yake. Ni ngumu kuliko jiwe iliyolishika, kwa hiyo inaondoka na uso wa jiwe. Rangi ya plastiki hufanya ubaya huo huo kwa kiasi kidogo. Wanaosema "tutatia saruji kidogo tu kwenye chokaa ili ishike" wanatafuta kitu kikavu kwa Jumatatu, na ukuta utawalipa baada ya miaka.

Kwa nini basi mafundi wengi bado wanaipenda? Si ujinga. Fundi analipwa kwa siku au kwa ukuta, na chokaa inataka siku nyingi ambazo hakuna anayezilipia. Zamani paa la zege la chokaa lilitwangwa kwa virungu vya mbao siku kadhaa mfululizo, watu wamejipanga, wanaimba ili mapigo yaende pamoja. Kazi ya chokaa tangu hapo ni kazi ya mikono mingi yenye subira, ambayo mkandarasi hana na mtaa unayo.

Hesabu ya ukuta mmoja wa chumba, mita 4 kwa 3, iko hivi. Ni mita 12 za mraba. Lipu ina mapigo, yaani matabaka, matatu ya sentimita 1 kila moja, jumla sentimita 3, yaani lita 360. Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na kwa kuwa chokaa huingia kwenye nafasi za mchanga, utahitaji mchanga ndoo 18 za lita 20 na chokaa laini ndoo 6. Weka mchanga ndoo 20 na chokaa ndoo 7, maana zitamwagika tu. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa mawe madogo na chokaa; hayo hayamo kwenye hesabu.

Mchanga usiwe wa pwani. Onja kidogo kwa ncha ya ulimi, ukisikia chumvi urudishe. Kisha tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, uache saa kadhaa. Tabaka la tope juu likiwa nene kuliko kidole, uoshwe.

Chokaa iliyotoka tanuruni, ambayo haijaonja maji, huloweshwa ndani ya pipa. Maji yatangulie, chokaa ifuate kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa, itakurukia ikiwa inachemka. Miwani ya kukinga macho na glavu si hiari, na watoto wasikaribie. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali. Chokaa ikipoa pipani, ichujwe kwa wavu, ihifadhiwe chini ya maji yanayoipita vidole vinne, ikae wiki 3 kwa uchache. Ikikaa miezi 3 inakuwa kama siagi na mafundi wataigombea. Ukilazimika kutumia ya mfuko wa dukani, hakikisha mfuko haujapasuka, maana chokaa iliyokwisha kuvuta hewa ni unga wa mawe tu, kisha iloweke siku moja kabla.

Pigo la lipu likishawekwa, kazi ya fundi imeisha na ya majirani imeanza. Chokaa haikauki kama nguo juani. Inarudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa polepole, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Ikikaushwa na jua la Januari kwa siku moja, itapasuka nywele nywele na kupukutika ukiigusa. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, nyunyizia asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku 7. Hizo ni zamu 21 kwa pigo moja, na kwa mapigo matatu ni zamu 63. Nyumba 9 za jirani zikichukua zamu 7 kila moja, ukuta umekamilika, na hakuna aliyepoteza zaidi ya robo saa kwa zamu. Mwisho ndiyo hiyo "rangi": chokaa nyepesi kama maziwa, ipakwe mara 4 au 5, ukuta ukiwa umeloweshwa kwanza. Wapo wanaotia chumvi ili ishike. Kwenye ukuta ambao tayari una chumvi, huko ni kuuongezea ugonjwa.

Yote haya yanangoja karatasi. Unguja, kibali hutoka Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985, na kabla ya hapo ujue nyumba ni ya nani: ya Serikali, kwa kuwa nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ya wakfu, au ya warithi waliotawanyika kati ya Dar es Salaam, Muscat na London. Idhini ya mrithi mmoja haitoshi. Wako wanaosubiri ikarabatiwe bure ndipo waiuze, kwa hiyo makubaliano yaseme kwa maandishi nyumba itatumikaje na kwa miaka mingapi. Mlango wa nakshi upigwe picha kila pembe siku ya kwanza, na ufunguo uwe na mtu mmoja. Milango ya aina hiyo ina wanunuzi.

Masika huanza Machi. Kabla Februari haijaisha awe ameshajulikana mtu wa kupanda na kuondoa majani kwenye gata, na ngazi yake iwe inajulikana ipo kwa nani.