Orodha ya Mali Ibandikwe Gombolola

Hapa Busia, Uganda, mtu akianza kujenga, mtaa mzima unajua. Tunajua matofali yametoka wapi, fundi analipwa na nani, na kiwanja kimeandikwa jina la shemeji wa nani. Halafu orodha ya mali ya mwenyekiti wa wilaya na madiwani wake inapelekwa Kampala, ikasomwe na watu ambao hata geti lake hawajawahi kuliona.

Sheria yenyewe haina ubaya. Sheria ya Maadili ya Uongozi ya 2002 inamtaka kiongozi ataje mapato, mali na madeni yake ndani ya miezi mitatu tangu ashike madaraka, kisha kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Machi. Ataje pia ya mwenzi wake, watoto na wanaomtegemea. Siku hizi fomu inajazwa kwenye intaneti, na tangu 2020 kuna baraza maalumu la kuwahukumu wanaokiuka.

Sheria hiyohiyo inasema yaliyomo kwenye fomu ni habari za umma. Mwananchi akitaka kuyaona, aombe kwa IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Aombe! Yaani mama anayeuza nyanya aandike barua akitaka kujua diwani wake ana nyumba ngapi za kupangisha, na diwani huyo huyo ndiye mwenye sauti vibanda vya soko vikigawanywa. Nani atajitia kitanzi hivyo?

Dawa tunaijua, maana tuliwahi kuitumia. Miaka ya 1991 hadi 1995, katika fedha ambazo serikali ilitenga kwa matumizi ya shule za msingi, wastani wa asilimia 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Nyingine ziliishia njiani, nyingi mikononi mwa wakubwa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila wilaya imepewa kiasi gani, na shule zikatakiwa kubandika hesabu ukutani. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Sisemi karatasi peke yake ndiyo iliyofanya kazi, lakini mzazi anayejua shule imetumiwa kiasi gani hadanganywi kirahisi.

Basi na orodha ya mali ibandikwe makao ya gombolola, yaani tarafa ndogo ndani ya wilaya, pale pale penye matangazo ya zabuni. Shemeji mwenye kiwanja hatakuwemo kwenye fomu, najua. Ila jirani akisoma "nyumba moja, ng'ombe wanne" na kila siku anapita kwenye ghorofa, atauliza. Mkaguzi wa Kampala hawezi kuuliza, kwa sababu hilo ghorofa hajawahi kuliona.

Wapo wanaosema mambo haya yatawatisha wezi wahamishie fedha nje ya nchi. Rais mwenyewe alitoa tahadhari ya namna hiyo Desemba 2021, ofisi ya IGG ilipotaka kuchunguza maisha ya kifahari ya watumishi wa umma. Kwa waziri, labda. Diwani wetu hana akaunti Dubai. Fedha zake anazimwaga hapa hapa, barabara ya Tororo, kwenye vyumba vya kupangisha na kituo cha mafuta.

Wapo pia wanaosema orodha ikibandikwa italeta wivu na kuwaita majambazi, na hoja hiyo ina uzito kidogo. Sawa, namba za akaunti za benki zifichwe, na jina la shule ya mtoto lisitajwe. Lakini nyumba na shamba havifichiki hata sasa. Kinachofichika ni kama mwenyewe amekiri kuwa navyo.

Kabla ya kila uchaguzi, Tume ya Uchaguzi hubandika daftari la wapiga kura katika kila kituo ili wanakijiji waseme nani amekufa na nani amehama. Kama tunaaminiwa kumtambua marehemu, kando ya daftari hilo ibandikwe fomu ya mwisho ya kila kiongozi anayeomba kurudi, na siku zilezile za kupokea pingamizi zitumike kupokea za mali pia.