Bima ya Uingereza Haina Huruma Kuliko ya Arusha

Kuna imani moja ambayo nimechoka kuisikia kila nikipiga simu nyumbani: eti Ulaya bima inalipa. Gari likigongwa, kampuni inakuja mbio, inakuuliza namba ya akaunti tu, wiki ijayo unaendesha jingine. Mimi naishi Leicester na nimelipa bima za huku mpaka nimezoea. Nilipokuja kuidai fidia ya maana, niligundua kwamba ofa ya kwanza ya Uingereza ni ndugu wa baba mmoja na ofa ya kwanza ya Arusha. Tofauti inaanza ukishasema hapana, na hapo nina ugomvi na nchi zote mbili.

Gari lenyewe ni Mazda Bongo Friendee ya 1999. (Ndiyo, Bongo. Utani wote nimeshausikia.) Mazda walilitengeneza kuanzia 1995 hadi 2005 kwa soko la Japani, na Uingereza halikuwahi kuuzwa likiwa jipya. Yaliyoko huku yaliingizwa yakiwa yameshatumika, na Waingereza wanayapenda kwa ajili ya paa. Kuna toleo ambalo ukibonyeza swichi, paa zima linanyanyuka kwa umeme, na huko juu wanalala watu wawili. Langu lilikuwa na paa hilo, jiko la gesi, sinki, friji ndogo, na kiti cha nyuma kinacholazwa kikawa kitanda. Siku za kazi nilikwenda nalo kazini, likizo tulikwenda nalo Wales na watoto bila kulipia hoteli. Lilikuwa limeegeshwa nje ya nyumba wakati kijana mmoja mwenye gari la mizigo alipolivaa kwa nyuma. Bima yangu ikasema gharama ya kulitengeneza inazidi thamani yake, wakalibeba.

Msomaji wa Dar atashangaa nikiliita gari la ajabu. Kwetu barabara nzima imetoka Japani: Noah, Alphard, Hiace, Kirikuu. Dalali yeyote wa yadi anaisoma karatasi ya mnada na kukwambia grade 4 ina maana gani kabla hujamaliza soda. Huku gari la mnada wa Japani ni mgeni asiyejulikana kwao. Kampuni za bima hukadiria bei kwa miongozo ya wafanyabiashara wa magari, kama Glass's, iliyopo tangu 1933, na CAP. Unaingiza namba ya gari, bei inatoka. Ukiingiza gari ambalo halikuuzwa jipya nchini, tena limevuka miaka 20, hakitoki kitu. Wangesema hivyo tu ningewaelewa. Badala yake mtathmini wao alitafuta gari la abiria la kawaida la umri huohuo, akapunguza hapa na pale, akaniletea pauni 1,900. Matangazo ya magari kama langu, yenye paa na jiko, yalikuwa yakianzia pauni 6,500 na kuendelea.

Niliomba ripoti ya mtathmini, na nashauri kila mtu aanzie hapo. Ya kwangu ilikuwa na kurasa chache na vituko vitatu.

Kwanza, maili. Waliandika 148,000 na kulikata bei kwa kutembea sana. Dashibodi ya gari hilo inahesabu kilomita, maana limetoka Japani! Kilomita 148,000 ni maili kama 92,000. Kwenye picha yao wenyewe herufi "km" inaonekana chini ya tarakimu.

Pili, aina ya bodi. Mamlaka ya usajili wa magari ya huku, DVLA, tangu 2019 imekaza masharti: ili kadi iandikwe kuwa ni gari la kulala, lazima lionekane hivyo kutoka nje, si ndani tu. Kwa hiyo magari mengi yenye vitanda na majiko bado yanasomeka kwenye kadi kama gari la abiria. Mtathmini aliisoma kadi akaishia hapo. Kwake sinki halipo, jiko halipo, kitanda ni kiti. Lakini nilipokata bima hiyohiyo niliorodhesha mabadiliko yote kwenye fomu, na wakaongeza ada kwa sababu yake. Wakati wa kunitoza jiko lilikuwepo. Wakati wa kunilipa likayeyuka.

Tatu, hakuna aliyelinyanyua lile paa. Gari lilipelekwa yadi ya mabaki mkoa mwingine kabisa, likapigwa picha kwa nje, na mtu aliyeketi ofisini kwake akaamua bei kwa kutazama kioo cha kompyuta. Hili ndilo lililonikera kuliko pesa. Huku unaweza kukata bima, kugongwa, kubishana na kulipwa bila binadamu hata mmoja kuligusa gari lako.

Mtu atauliza: si ulitaja thamani ulipokuwa unakata bima? Nilitaja, pauni 7,000. Ile namba haina kazi unayoifikiria. Wanaitumia kupanga ada, ila mkataba unasema watalipa bei ya soko ya siku ya ajali. Zipo bima za thamani ya makubaliano, ambazo mnakubaliana bei mapema na ndiyo inayolipwa, lakini mara nyingi ni za magari ya kale yanayotolewa Jumapili kusafishwa, si la kwendea kazini kila asubuhi.

Sasa nije kwenye kile ambacho Uingereza inacho. Niliwaandikia barua ya malalamiko, nikaambatanisha matangazo ya magari ya mwaka, injini na paa kama la kwangu, risiti za fundi aliyefunga jiko, historia ya ukaguzi wa kila mwaka ambayo mtu yeyote anaisoma bure mtandaoni, na barua ya muuzaji anayeshughulika na magari haya tu. Zile 1,900 nilizipokea, nikaandika wazi kwamba ni sehemu ya malipo na nasubiri zilizobaki. Kisheria wana wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Wakikataa, au wiki nane zikipita kimya, unakwenda kwa msuluhishi, Financial Ombudsman Service. Jibu lao la mwisho likishakufika, una miezi sita ya kufika huko. Wewe hulipi kitu, ila kampuni hutozwa ada kwa kesi zinazofikishwa. Ukiukubali uamuzi wake, kampuni inalazimika kuutii. Usipoukubali, mahakama bado ipo.

Kilichonisaidia zaidi ni kwamba maamuzi ya msuluhishi yamechapishwa mtandaoni tangu 2013, jina la kampuni likiwemo na la mlalamikaji likiwa limefichwa. Nilikaa usiku nikisoma kesi za magari ya kulala na magari yaliyoingizwa kutoka nje. Unaona jinsi wanavyopima: gari likiwemo kwenye miongozo wanaanzia huko, lisipokuwemo wanatazama matangazo na maoni ya wataalamu. Barua yangu ya pili niliiandika kwa mpangilio huo. Kesi ilipofika kwa msuluhishi, na ofisi yake ilipowaomba bima maelezo ya zile maili, ghafla walipata hesabu mpya: pauni 6,300. Hakuna aliyeomba radhi.

Nilimsimulia shemeji yangu wa Arusha, akacheka kwa uchungu. Yeye ana kampuni ndogo ya utalii. Alinunua Land Cruiser ya kawaida, akaipeleka gereji mjini, chesisi ikarefushwa, ikajengewa bodi ya viti saba na paa la kunyanyua ili wageni wasimame kutazama simba. Kazi ile ilikaribia bei ya gari lenyewe. Ilipinduka karibu na Makuyuni ikirudi tupu, dereva akatoka na michubuko. Alikuwa ameikatia bima kubwa kwa shilingi milioni 110, na ada ya kila mwaka ilikokotolewa kwa milioni 110 hizo. Walimpa ofa ya milioni 62. Hoja yao: bei ya soko kabla ya ajali, na kadi inasema Land Cruiser.

Angalau kwake mtathmini alifika. Alizunguka gari, akapiga magoti kuangalia maungio ya chesisi, akanywa chai na fundi. Mtu wa Arusha hawezi kujifanya hajui Land Cruiser ya utalii ni nini, zinapita mbele ya ofisi yake kutwa nzima. Alijua vizuri sana, na ndiyo maana ile 62 inaniudhi kuliko 1,900 yangu. Wangu hakujua alichokuwa anakipima.

Kisha shemeji akaomba ripoti. Akaambiwa ni mali ya kampuni. Akaandika barua, akajibiwa kwa simu: "Kaka, njoo ofisini tuyamalize." Alikwenda, wakayazungumza, ikawa milioni 70, akanuna, akaitwa tena, ikawa 80. Nilimwambia asisaini, kwamba Sheria ya Bima ya 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wapo pia. Akanijibu, "Shemeji, wewe unasubiri barua kwa sababu unakwenda kazini kwa basi. Mimi nina wageni wa Julai." Alisaini.

Siwezi kumlaumu. Lakini siyakubali pia maneno ya wanaosema shida yetu ni kampuni maskini. Kampuni iliyoweza kulipa 62 asubuhi na 80 wiki chache baadaye haikukosa pesa, ilikuwa inapima uvumilivu wa mteja. Na tazama umri wa gari unavyotuumiza mara mbili: likiingia bandarini unalipishwa ushuru wa uchakavu, likipata ajali bima inakata uchakavu uleule. Ninachotamani tuige kutoka huku ni mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Ripoti ya mtathmini iwe haki ya mwenye gari, apewe bila kuomba. Na maamuzi ya msuluhishi wetu yachapishwe kwa Kiswahili, kampuni ikitajwa, ili mwenye Noah wa Tanga asome kesi ya mwenye Land Cruiser wa Arusha kabla hajaitwa ofisini kuyamaliza. Waingereza nao, kama wananisikia, wamtume mtu akalinyanyue paa.

Shemeji ameshanunua mabaki ya gari lake na anaijenga upya kwa fundi yuleyule. Safari hii amemleta mthamini kabla ya kukata bima, na ripoti inataja chesisi, bodi na paa kila kimoja na bei yake, yote yameambatanishwa kwenye mkataba. Wakala wake wa bima amemwambia ada itapanda. Amelipa.